Maswali ya Wasomaji: Hesabu za Lugha Mbili, na Matumbawe Yaliyopauka

SWALI: Kazini natumia lugha ya pili kutwa nzima, na naimudu. Mbona nikizidisha kichwani narudia ile ya shule ya msingi?

JIBU: Lugha umeshaimudu, jedwali la kuzidisha ndilo halikuhama. 7 × 8 hukaa kichwani kama maneno yaliyokaririwa. Mwaka 2001 Elizabeth Spelke na Sanna Tsivkin walichapisha majaribio yao kwa watu wanaojua Kirusi na Kiingereza: waliofundishwa majumlisho mapya kwa lugha moja walichelewa kujibu walipoulizwa kwa nyingine. Walipotakiwa kukadiria tu, tofauti haikuonekana.

Nchini Luxembourg, watafiti wa chuo kikuu waliwapima watu waliosoma hesabu kwa Kijerumani msingi, kisha kwa Kifaransa sekondari. Majumlisho mepesi hayakuwasumbua. Yale magumu, kwa Kifaransa, yaliwachukua muda mrefu na makosa yakaongezeka. Na hao ni watu waliofika chuo kikuu!

Kwa hiyo usibadili lugha katikati ya hesabu. Hapo ndipo tarakimu hupinduka, hasa lugha mojawapo ikiwa kama Kijerumani, kinachotaja mamoja kabla ya makumi. Maliza hesabu, andika jibu kwa tarakimu, ndipo ulitamke. Ukitaka kuhamia lugha ya pili kabisa, anza na 6, 7, 8 na 9 zikizidishana zenyewe kwa zenyewe: ukiondoa marudio ni 10 tu. Zitamke kwa sauti, tena ukizichanganya. Ukizifuata kwa mpangilio utakariri wimbo.

SWALI: Kikundi chetu kinapima matumbawe kwa kadi ya rangi ya CoralWatch. Kila mpimaji anatoka na alama yake kwa tumbawe lile lile. Tunakosea wapi?

JIBU: Yaelekea kila mmoja anasoma mahali pake. Kadi hiyo, iliyotoka University of Queensland, ina alama 1 (hafifu kabisa) hadi 6 (iliyokolea), na kila tumbawe husomwa mara mbili: palipofifia zaidi na palipokolea zaidi. Ncha za matawi ziruke. Zinakua, na ule mwani mdogo uishio ndani ya tumbawe na kulipa rangi haujajaa humo, kwa hiyo ni nyeupe hata tumbawe likiwa zima.

Kadi iwe kando ya tumbawe, majini. Maji humeza mwanga mwekundu, hivyo rangi unayoikumbuka ukishapanda juu si ile iliyokuwa chini. Pimeni matumbawe yasiyopungua 20, bila kuchagua. Anayefuata meupe tu atakuta mwamba mgonjwa kila siku. Tumbawe likishuka alama 2 au zaidi tangu kipimo kilichopita, hapo lina jambo.

Jeupe si lazima liwe limekufa. Lililopauka bado lina nyama angavu na minyiri. Lililokufa ni mifupa mitupu, na haichukui muda mrefu kuota mwani. Doa jeupe lenye mpaka mkali, na konokono wadogo ukingoni, limeliwa, si joto la maji lililolipausha.

Joto lina hesabu yake. Chukueni wastani wa joto la maji katika mwezi wenye joto zaidi, tuseme nyuzi 28.5. Wiki ya nyuzi 30 inaongeza 1.5; ya 29.2 haiongezi kitu, kwa kuwa haijazidi kwa nyuzi 1 kamili. Jumlisheni wiki 12 zilizopita: ikifika 4 tarajieni kupauka, ikifika 8 tarajieni vifo.