Usinunue GPU kabla hujapunguza hesabu (skana za mawimbi ya milimita)

Mkuu wa Moshi mwenye mradi wa skana ya mwili (kama zile za uwanja wa ndege), umesema picha moja unaiacha ikokotolewe usiku kucha, na unauliza kama ukija Arusha utapata GPU (kadi ya michoro inayopiga hesabu nyingi kwa pamoja) ya kukutoa. Kadi zipo, mtumba na mpya. Ila kwa programu uliyoieleza, hela ibaki mfukoni kwanza.

Angalia unachoidai kompyuta. Antena zina nafasi 200 × 200, masafa (frequency) 64, na picha ina nukta 256 × 256 × 128. Kila nukta unaijumlishia mwangwi wa kila antena kwa kila masafa. Zidisha: trilioni 21 na ushee, kwa picha moja!

Anza kwa kupiga FFT (njia ya mkato ya kuchambua mawimbi kwa masafa yake) upande wa masafa. Yale 64 yanageuka kuwa umbali, kisha kila nukta inasoma thamani moja tu kwa kila antena. Umeshuka hadi bilioni 335. Kumbuka kurudisha fezi ya wimbi (wimbi limefika hatua gani ya mzunguko wake) kwa kila umbali, la sivyo unapata ukungu. Mimi kwa hatua hii tu niliacha kulaza kompyuta ikiwaka, na umeme wa mtaani kwetu ulikuwa na tabia zake.

Halafu, antena zako ziko bapa na zimepishana sawasawa. Kwa mpangilio huo huna haja ya kwenda nukta kwa nukta: data nzima inapita kwenye FFT, kama walivyoeleza watafiti wa maabara ya Pacific Northwest kule Marekani mwaka 2001. Hesabu inabaki mamia ya mamilioni. Ugumu uko katikati, pale unapokadiria thamani zilizoangukia nje ya gridi. Kwenye data ya kuigiza niliweka nukta moja inayong'aa. Nikikadiria kwa jirani mmoja wa karibu, pembeni yake vinazuka vivuli hafifu, utadhani mtu kaficha vitu vitatu. Kwa majirani wanane vinapotea.

Na mdau aliyesema abiria anasimamishwa mikono juu kwa sababu kompyuta ni nzito, hapana. Zile skana za nguzo mbili zinazozunguka zinahitaji sekunde moja na kitu kukusanya mwangwi, na muda huo wote lazima utulie. Kwenye 30 GHz wimbi lina sentimita 1. Ukisogea milimita 2.5 kuelekea antena, safari ya kwenda na kurudi imepungua milimita 5, yaani nusu wimbi, na mwangwi uliopaswa kujumlishwa unafutana. Hakuna GPU inayotibu hilo.

GPU inalipa pale antena zinapokuwa chache na zimetawanywa bila mpangilio, maana FFT ya moja kwa moja inagoma na unarudi kwenda nukta kwa nukta. Ukifika huko andika kwa float32 (namba za desimali za biti 32), kwa sababu kadi za gemu zinajikokota sana kwenye float64 (za biti 64), na kwa mtu aliyesimama mita moja kutoka kwenye antena usahihi wa float32 unatosha.