Kambale na sufuria ya mama mkwe

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni Mlutheri, nimeolewa kwa Wasabato hapa Mwanza. Juzi nilipika kambale. Mama mkwe alipofunua sufuria akasema imenajisika, hakula hata ugali. Mungu ana ugomvi gani na kambale? Na mimi sasa ni najisi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekulia Musoma, bibi yangu alikausha kambale kwa moshi, kwa hiyo barua yako imenigusa.

Mama mkwe hakubuni. Walawi 11 yaruhusu cha majini chenye mapezi na magamba, na kambale magamba hana. Wengi hutaja afya, lakini sura ile haitaji ugonjwa wowote. Inasema tu: iweni watakatifu, kwa kuwa mimi ni mtakatifu.

Philo, Myahudi wa Aleksandria wa karne ya 1, aliona fumbo katika sharti jingine la sura hiyo: mnyama wa kuliwa awe anacheua na awe na kwato iliyopasuka. Kucheua ni kuyarudia moyoni mafundisho uliyopokea. Kwato iliyopasuka ni kupambanua jema na baya. Ngamia anacheua, ila kwato yake haihesabiwi kuwa imepasuka. Nguruwe kwato anayo, hacheui. Nikimtazama ng'ombe amelala zizini jioni, anatafuna taratibu alichokula mchana, fumbo hilo hunionya mimi ninayesoma Biblia mbio mbio.

Lakini kiini nakiona Walawi 20:24-26. Mungu anawaambia Israeli watenge mnyama na mnyama kwa sababu yeye amewatenga wao na mataifa. Kila mlo uliwakumbusha wao ni wa nani.

Sasa mfuate Petro, Matendo 10. Yuko darini Yafa, saa sita, ana njaa. Shuka linashuka limejaa wanyama; anaambiwa achinje ale, anakataa. Mara tatu! Alipofika Kaisaria kwa Kornelio, akida wa Kirumi, hakuzungumzia nyama. Alisema Mungu amemwonya asimwite mtu yeyote mchafu wala najisi. Wasabato nao huyasoma maono hayo hivyo hivyo, kwamba yahusu watu. Basi wewe si najisi, na mama mkwe akifungua Biblia yake ataliona hilo.

Kula kambale, ila umpike katika sufuria yake ya peke yake. Warumi 14 yakataza kumkwaza ndugu kwa chakula. Mama akija Sabato, akukute umeshampikia sato Ijumaa kabla jua halijazama, kisha umwombe yeye aombee chakula.