Maswali ya Wasomaji: Data Zinazopanda Mawimbi ya FM

SWALI: Bwana Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Mtongwe. Mimi ni mvuvi na simu yangu ni ile ndogo ya vibonye yenye redio ndani. Juzi nilipanda matatu pale Likoni nikaona redio ya gari ikiandika kwenye kioo chake jina la kituo pamoja na maneno mengine, na dereva akaapa kwamba hana bando wala laini ya simu ndani ya redio hiyo. Ikiwa maandishi yanaweza kuja kwa FM, mbona tusiletewe simuni saa za maji na hali ya upepo kwa njia hiyo hiyo?

JIBU: Ndugu yetu wa Mtongwe, dereva hakukudanganya. Matangazo ya FM ni kama jahazi ambalo abiria wamekaa juu ilhali ngamani mmebaki nafasi ya shehena nyingine. Sauti tunayoisikia haivuki kilohezi 15, yaani mitetemo elfu kumi na tano kwa sekunde. Kwenye kilohezi 19 pana mlio wa kuongoza stirio ambao sikio haliujali. Sehemu ya pili ya stirio hukomea kilohezi 53. Na juu yake, kwenye kilohezi 57, ndipo zinapopakiwa data za mfumo uitwao RDS, ambao kanuni zake zilitolewa na Muungano wa Utangazaji wa Ulaya mwaka 1984. Redio isiyoufahamu mfumo huo huzipuuza data hizo na kuendelea kuimba, na iliyotengenezwa kuufahamu huzisoma na kuziandika kiooni.

Shida ni kwamba ngama yenyewe ni ndogo. RDS hubeba biti (chembe ndogo kabisa za data) 1,187.5 kwa sekunde, nazo husafiri kwa mafungu ya biti 104, ambamo 64 ni za ujumbe na 40 ni za kukagua kama ujumbe umefika mzima. Kwa hiyo kinachobaki kwa kazi ni takriban biti 730 kwa sekunde, na hata hizo hugawanywa baina ya jina la kituo, orodha ya masafa mengine ya kituo hicho hicho, saa na mengineyo. Ukitaka kuletewa picha ya megabaiti moja kwa njia hii, hata kama kituo kingekupa nafasi yote, ungengoja kama saa tatu.

Huenda uliona pia kwamba maneno katika ile matatu yalikuwa yakija vipande vipande. Mahali pa jina la kituo pana nafasi ya herufi nane tu, na vituo vingi hupatumia kupitishia habari ndefu kwa kuzikatakata, kiasi kwamba abiria husoma kwanza HABARI Z, kisha A MCHANA. Kwa maoni yetu hayo ni matumizi mabaya ya mahali hapo, kwa sababu RDS ina sehemu nyingine iliyotengwa kwa maandishi marefu, yenye nafasi 64. Huko ndiko hoja yako inakotosha. Chukua ujumbe kama huu: MAJI KUJAA SAA 10.05 JIONI, KUPWA SAA 4.17 USIKU. Ukihesabu herufi, tarakimu, alama na nafasi zake utapata 48, na kwa kuwa kila fungu hubeba nne, mafungu 12 yanatosha, nayo hupita kwa muda wa sekunde chache hata yakichanganyika na data nyingine.

Ila tukuulize wewe uliyezaliwa ufuoni: je, saa za maji ndizo unazozihitaji zaidi? Bamvua na maji mafu hufuata mwezi, hesabu yake hupigwa mwaka mzima kabla, na wazee wa Mtongwe huijua bila kutazama karatasi. Kinachobadilika ghafla ni upepo, hasa wakati wa kusi, na ilani ya bahari kuchafuka ndiyo inayostahili zile nafasi 64. Isome kabla ya kung'oa nanga, maana mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kadiri mashua inavyozidi kuiacha pwani ndivyo yanavyodhoofika. Data hupotea mapema kuliko sauti.

Ili jambo hili liwezekane, mambo mawili yanahitajika. Kituo kiwe na kisimbaji cha RDS, yaani mtambo wa kupakia data hizo kwenye matangazo, na mtu wa kukilisha habari mpya kila siku, na simu yako iwe na programu inayosoma maandishi marefu. Kuna simu zenye redio ambazo huishia kwenye jina la kituo, na nyingine haziandiki chochote ila namba ya masafa.

Wazo lako si geni. Mwaka 2003 Bill Gates wa Microsoft alitangaza saa za mkononi ambazo zingepokea habari, hali ya hewa na bei za hisa kupitia mawimbi ya FM, na mwaka uliofuata zikaanza kuuzwa Marekani. Hizo hazikutegemea RDS, bali njia pana zaidi iliyopachikwa juu yake, na mwenye saa alilipia huduma hiyo. Mtu aliweza kuchagua habari alizozipenda, lakini hakuweza kujibu wala kuuliza lolote, kwani saa ilikuwa na sikio bila kinywa. Simu zenye intaneti zilipoenea, wateja waliondoka, na huduma ikafungwa mwanzoni mwa mwaka 2012. Kwa upande mwingine, Japani ilianza mwaka 1996 kuwapelekea madereva habari za msongamano wa magari kwa FM, kwa kasi ya biti 16,000 kwa sekunde, na huduma hiyo ilidumu. Tunaona sababu iko wazi: msongamano wa barabara ni habari moja kwa madereva wote walio mahali pale, na redio hung'ara pale watu wengi wanapohitaji neno lile lile kwa wakati ule ule. Upepo wa baharini ni habari ya namna hiyo.

SWALI: Kwa nini redio ya simu yangu hudai nichomeke waya wa masikioni hata ninapotaka kusikiliza kwa spika? Na kwa nini ndani ya Mji wa Kale sauti huja ilhali jina la kituo halitokei?

JIBU: Waya huo ndio antena. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita tatu, na robo yake, yaani sentimita 75, hukaribia urefu wa waya wa masikioni, ilhali ndani ya simu hakuna mahali pa kuuweka. Vile vya masikioni visivyo na waya havisaidii kwa hili. Ama Mji wa Kale, vichochoro ni vyembamba na kuta za mawe ni nene, hivyo wimbi hugonga huku na kule na kufika kwako mara mbili tatu kwa kuchelewana. Sikio husamehe mkwaruzo, lakini kipokezi kikikagua fungu la data na kulikuta limeharibika kupita kiasi cha kurekebishwa, hulitupa. Panda darini, au simama upande wa baharini karibu na Ngome ya Yesu, kisha ungoje kidogo.

SWALI: Je, kituo kinaweza kujua kwamba ninasoma ujumbe wake?

JIBU: Hakiwezi. Simu inapopokea FM haitumi chochote kwa kituo, na haijalishi msikilizaji ni mmoja au ni Kisauni nzima. Ukikifuata kituo hicho hicho kupitia intaneti, mambo ni mengine: hapo bando linatumika, na mtambo wa upande wa pili unajua kwamba kuna simu iliyojiunga.