Mpingo: maswali yenu ya wiki hii

*Nimenunua kinyago cha mpingo stendi. Nilipokishika kwa mikono yenye jasho, vidole vikawa vyeusi. Nimepigwa? (Msomaji, Area C)*

Umepigwa, pole. Hiyo ni dawa ya viatu. Mimi nina "tembo wa mpingo" kabatini aliyefichuka kwa mkwaruzo mmoja wa ukucha: ndani njano tupu! Siku nyingine pindua kinyago, ukwangue chini kidogo kwa wembe. Cha kweli ni cheusi hadi ndani, pengine na uzambarau kwa mbali. Kikiwa kidogo kitie kwenye beseni. Kiini cha mpingo ni kizito kuliko maji, kinazama. Ukiona utepe mweupe pembeni, usitie shaka. Hilo ni tabaka la nje la mti, na wachongaji wengine huliacha makusudi.

*Mimi Mgogo wa Chamwino. Mpingo upo hata huku kwetu, mbona sifa zote wanapewa Wamakonde?*

Sisi tulishika ng'ombe, zeze na marimba, wao wakashika tezo na patasi. Lakini usidhani kuchonga mpingo ni jambo la kale sana hata kwao. Vinyago vya kuvaa usoni kwenye ngoma za jando vilichongwa kwa mti mwepesi, maana nani atacheza na jiwe kichwani? Mpingo ulipamba moto katika karne ya 20, wateja wa mjini na wa ng'ambo walipoongezeka. Hapo ndipo yakaja mashetani yenye jicho moja, na ile nguzo ya watu waliobebana tunayoiita ujamaa. Ukiipata, anza kuitazama chini: mara nyingi utakuta mtu mmoja aliyebeba ukoo mzima mgongoni.

*Nina mpingo shambani Mpwapwa. Naweza kuukata nitengeneze kitanda?*

Bila kibali, hapana, hata kama shamba ni lako. Nenda kwanza ofisi ya misitu ya wilaya. Na kitanda sahau: shina lake hujipinda na mara nyingi lina uwazi ndani, mbao ndefu hupati. Ndiyo maana Ulaya wanautumia kwa vipande vifupi, kutengenezea klarineti na zumari.

*Nikipanda mche uani Ihumwa, utakomaa lini?*

Hesabu miaka 70 au zaidi. Uzungushie miiba, mbuzi wanapenda majani yake. Na kiangazi ukiukuta umepukutika wote, usiung'oe, haujafa.