Wanafunzi Wamerudishwa Makwao, Mafundi Je?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi seremala, kazi yangu ni kufunga mbao za kumwagia zege katika jengo la maabara linalojengwa ndani ya chuo kikuu. Ugonjwa wa korona ulipoingia, wanafunzi na wahadhiri waliambiwa wabaki majumbani, lakini sisi tunaitwa kazini kila asubuhi. Tunabadilishia nguo katika chumba kimoja kisicho na dirisha. Uongozi wa chuo unasema sisi ni watu wa mkandarasi. Je, nani anapaswa kutulinda?

JIBU: Ndugu yangu, pole, na swali lako ni la haki kabisa. Mwajiri wako ndiye wa kwanza kuwajibika, na pale ambapo wakandarasi wadogo kadhaa wanafanya kazi kwa pamoja, Mkataba Namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unamtaka mkandarasi mkuu aratibu usalama wa wote. Mkataba huohuo unampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari kubwa iliyo karibu kumfika, mradi amjulishe msimamizi wake mara moja. Ila uulize kwanza kama nchi yako imeuridhia. Hata hivyo, chuo hakiwezi kunawa mikono. Chuo ndicho kilichopanga tarehe ya kukabidhiwa jengo na faini ya kuchelewa, na faini hiyo ndiyo inayomfanya mkandarasi awarundike watu kwenye ghorofa moja.

Chumba hicho cha kubadilishia nguo kinanitia hofu kuliko jukwaa la ujenzi mnalosimama juu yake. Virusi vya korona husambaa kwa hewa, na chembe ndogo anazotoa mtu kwa pumzi huweza kuelea kwa muda mrefu mahali pasipopitisha upepo. Watu ishirini wakiinama pamoja kufunga kamba za viatu, huku wakizungumza, wanavuta pumzi ya mmoja wao aliye mgonjwa. Ombeni banda lililo wazi pande zote, na mwingie kwa zamu, kikosi kimoja kitoke kabla kingine hakijaingia. Lifti ya kupandishia watu nayo ipunguziwe idadi.

Tazama pia barakoa mnazotumia kujikinga na vumbi la saruji. Nyingi zina kidude cha plastiki mbele, yaani vali, ambayo hufunguka unapotoa pumzi na kuiachia itoke bila kuchujwa. Wewe unakingwa, lakini mwenzako aliyeshika upande wa pili wa ubao hakingwi vya kutosha. Dai zisizo na vali.

SWALI: Ninafanya kazi katika idara ya majengo ya chuo. Tunampima joto kila kibarua langoni. Je, hiyo inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu. Mwenye korona anaweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajaanza kuumwa, na wapo wasiopata homa kabisa. Tena kibarua anayelipwa kwa siku anajua kwamba akirudishwa kutoka langoni, nyumbani hakuliki. Atameza dawa ya kutuliza homa alfajiri na kipimo chako kitampitisha. Simlaumu, kwa maana tumemwachia achague kati ya njaa na ugonjwa.

Andikeni basi nyongeza ya mkataba na mkandarasi: kila anayeumwa, au aliyekaa karibu na mgonjwa, alipwe ujira wake wa siku zote atakazotengwa, wakiwemo vibarua wa wakandarasi wadogo, na fedha hizo zitoke kwenye bajeti ya mradi. Muda wa kukabidhi usogezwe bila faini. Kama chuo chenu kina zahanati, ifungulieni milango yake kwa mafundi, wapimwe na kutibiwa humo bila kuulizwa kitambulisho cha chuo.