Kurudi kwenye utunzi wa kantri: anzia kazini kwako

Kama ujanani ulitunga nyimbo za kantri, ule muziki wa Marekani wa gitaa na visa vya maisha, maisha yakakupeleka kwingine, na sasa moyo unakuvuta tena kwenye kalamu na gitaa, ushauri wangu wa kwanza ni huu: liache kwanza daftari la zamani. Anza na ile kazi iliyokutoa kwenye muziki.

Mimi nilitolewa na kiwanda cha minofu hapa Mwanza. Nilikuwa upande wa ukaguzi wa ubora: kupima ubaridi wa samaki kwenye barafu, kulaza sangara kwenye rula na kuwakataa wasiofika sentimita 50, kuhesabu makreti usiku lori la baridi likisubiri nje. Gitaa lilikaa juu ya kabati miaka mingi. Niliporudi kutunga, nyimbo zote ninazozipenda zilitoka kiwandani na mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Daftari la ujana lilinipa mistari miwili mitatu tu, nayo niliipata baadaye.

Muziki wa kantri ndivyo ulivyo tangu mwanzo. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa muziki huo, alikuwa mfanyakazi wa reli kabla ya kurekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1927 kule Bristol, Tennessee, na treni zimejaa kwenye nyimbo zake. Mwaka uliofuata, 1928, reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza. Miaka hiyo miwili napenda kuiweka pamoja kichwani. Na jina la Rodgers lilifika huku kwetu Afrika Mashariki: mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi Wakipsigis wa Kenya wakimwimba kwa matamshi yao, Chemirocha. Yupo pia Kris Kristofferson, kapteni wa jeshi na rubani wa helikopta, ambaye mwaka 1965 aliacha nafasi ya kufundisha chuo cha jeshi cha West Point, akaenda Nashville, mji wa studio za kantri, na kufagia studio huku akitunga. Wote hawa waliingia kwenye utunzi wakiwa na kazi nyingine mwilini.

Usukumani jambo hili halina ugeni wowote. Manju, yaani watunzi na viongozi wa ngoma, wa Wagika na wa Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, walikuwa wakulima na wafugaji. Walitunga wakiwa na jembe mkononi, na mashindano ya ngoma yalikuja baada ya mavuno. Hakuna aliyewaambia waache shamba ndipo waitwe watunzi. Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini unarudi na umri wote huo, jibu unalo.

Sasa tuingie kwenye utunzi wenyewe, maana hapa ndipo penye kazi. Wimbo wa kantri husimulia kisa, na kiitikio kinapaswa kubadilika maana kila kinaporudi, ingawa maneno ni yaleyale. Nitakupa mfano wangu. Pale mwaloni, mvuvi akishusha samaki humwangalia mwenye mizani usoni na kumwambia, "Pima vizuri." Nililisikia neno hilo kila siku ya kazi. Niliporudi kwenye gitaa nikajiuliza: ni wapi tena katika maisha ya mvuvi huyuhuyu neno hilo litasemwa? Ubeti wa kwanza, kijana anauza samaki wake na anataka haki yake. Ubeti wa pili, yuko kwa fundi cherehani, anapimwa suti ya harusi, na anayesema "pima vizuri" ni mama yake. Ubeti wa tatu, fundi seremala amesimama uani na futi kamba, na anayesema ni mwanawe. Sikuhitaji kueleza kwamba mzee amefariki. Kiitikio kimeshasema.

Fanya hivyo na kazi yako. Kama ulikuwa muuguzi, dereva wa daladala, karani wa benki au mwalimu, kuna sentensi uliyoisema au kuisikia mpaka ukaacha kuisikia. Itoe. Itafutie sehemu tatu za maisha. Ukiipata ya tatu, wimbo umepatikana. Ukiikosa, weka sentensi hiyo pembeni na utafute nyingine, usiilazimishe.

Angalia pia mambo ambayo watu wa kwako wanayaona tofauti na walimwengu. Nyimbo nyingi huuchukulia mwezi kama taa ya wapenzi. Kwa mke wa mvuvi wa dagaa, mbalamwezi ni siku ambazo mume yuko nyumbani kwa sababu dagaa huvutwa kwa taa gizani na mwezi ukiwaka hawavuliki, na ndizo siku ambazo pesa haiingii. Furaha na njaa vinafika usiku mmoja. Ukiwa na jambo kama hilo mkononi, sioni kwa nini uimbe farasi wa Texas.

Kuhusu Kiswahili na mahadhi, sikiliza mkazo. Maneno yetu hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, na mahadhi ya kantri yakikukokota ukakaza mahali pengine, msikilizaji anakuona mgeni kwenye lugha yako. Sema mstari kwa mdomo kabla ya kuuimba. "PI-ma vi-ZU-ri" inakaa sawasawa kwenye mdundo wa mapigo matatu matatu: PI inaangukia pigo zito, ZU pigo zito linalofuata. Ndiyo maana wimbo ule niliupa mdundo huo, sikuuchagua kwa sababu unapendeza. Vina navyo viwe na kiasi. Maneno yetu mengi yanaishia na irabu, vitenzi vingi vinaishia na "a", kwa hiyo kina hupatikana kwa bei rahisi mno. Kina cha vitenzi viwili huwa dhaifu. Mstari wa kweli usio na kina ni bora kuliko mstari wa uongo wenye kina.

Sauti yako imeshuka. Usipigane nayo. Wimbo uliokuwa ukiuimba kwa ufunguo wa C, jaribu A, na kama vidole vimezoea mishiko ya G, C na D, weka kapo, kile kibanio cha nyuzi kwenye shingo ya gitaa, mpaka upate mahali panapoifaa koo. Muziki huu una nafasi kubwa kwa sauti nzito na tulivu. Don Williams, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alipendwa sana Afrika kwa sauti hiyohiyo. Vidole vitauma majuma kadhaa kisha ngozi itakomaa. Badilisha nyuzi zilizoota kutu na chukua nyembamba kwanza.

Wala usiache riziki kwa ajili ya hili. Siku hizi nauza barafu kwa wavuvi wa sangara, na alfajiri ni ya biashara. Natunga jioni, na mistari inayokuja mchana naisema kwenye simu palepale, na kelele za mitumbwi nyuma yake. Wimbo usiobeba ada ya shule ya mtoto hutungwa kwa uhuru zaidi, hasa miaka ya kwanza.

Jambo la mwisho ni la makaratasi, na watu wazima tunaorudi tunalipuuza kwa sababu ya undugu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, maana yake wajukuu wanaweza kuhusika. Isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, upate uthibitisho. Na kabla ya kuingia studio, kaa na prodyuza, mpiga solo na yeyote aliyechangia maneno au mahadhi, mkubaliane nani ana asilimia ngapi ya utunzi. Kupiga gitaa kwenye rekodi na kutunga wimbo ni vitu viwili, kila kimoja kina malipo yake. Andikeni majina, asilimia na tarehe, wekeni sahihi, kila mmoja abaki na nakala yake, ndipo muanze kurekodi.