Maswali Yenu: Hendipisi za Leza ya Meno

Swali: Leza yetu ya erbiamu ya kukatia meno, yenye hendipisi (kile kishikio cha mkononi) ya ncha ya yakuti, siku hizi inakata polepole hata tukipandisha nguvu. Imechoka? (Kliniki, Njombe)

Jibu: Msiilaumu mashine bado. Izimeni, chomoeni ncha, mtazame kioo kinga, kile kidogo kilicho nyuma yake. Kiinamisheni chini ya taa. Mkiona doa la rangi ya chai, mwizi ni huyo: doa hufyonza nishati, kioo hupata moto, mwisho hupasuka. Futeni kwa kijiti cha pamba kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti ya asilimia 99, mara moja, upande mmoja, kisha kijiti kitupwe. Ile ya asilimia 70 ina maji, huacha michirizi. Doa lisilotoka limeshaungua. Badilisheni kioo, msikwangue.

Kagueni na ncha. Iliyomeguka hutawanya mwanga na kurudisha mwingine kwenye kioo hichohicho. Kioo kipya kikichafuka baada ya siku mbili tu, tafuteni oringi (pete ya mpira ya kuzibia) iliyokauka au kukatika, maji yanapenya hapo.

Na baridi yenu ya Juni ina mkono wake. Mwanga wa erbiamu, nanomita 2,940, hufyonzwa vikali na maji. Hendipisi ikitoka kwenye otoklevu, chombo cha mvuke cha kuua vijidudu, na kufungwa ingali moto, mvuke uliobaki ndani hugeuka umande juu ya kioo. Iacheni ikauke na kupoa kabisa kwanza.

Swali: Hendipisi ya leza niitie mafuta kama tunavyofanya ya tabini, ile ya kuchongea meno? (Tukuyu)

Jibu: Hapana. Haina beringi ya kulainisha, na mafuta yataungulia kwenye kioo.

Swali: Otoklevu yetu ni ya sufuria yenye geji. Tunachemsha dakika 15 kwa baa 1.05, kama tulivyofundishwa Dar. Inatosha? (Mbeya mjini)

Jibu: Haitoshi. Geji husoma shinikizo lililozidi la hewa ya nje, na Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi. Baa 1.05 inayotoa nyuzi 121 pwani, kwenu hutoa kama 118. Pandisheni hadi baa 1.23 hivi, ikiwa chungu kimeruhusiwa kufika hapo. Tepu ya kiashirio inayobandikwa kwenye pakiti kubadilika rangi si ushahidi wa kutosha. Tatizo la pili ni kubwa zaidi: hendipisi ina matundu membamba, na sufuria haiwezi kuvuta hewa iliyokwama humo. Inahitaji otoklevu ya daraja B, inayovuta hewa nje kwanza, na mwili wa hendipisi uwe na alama ya 135°C. Usio na alama hiyo usiingizwe.

Swali: Nanunua leza ya daiodi kwa ajili ya fizi. Fiba (uzi wa kioo unaopitisha mwanga) ya kukata mwenyewe au ncha za kutupa? (Mafinga)

Jibu: Kama wagonjwa wa leza ni wachache, nunua ncha za kutupa, ni ghali kwa kila moja, lakini hazikudai ufundi. Wenye wengi, fiba huwa nafuu. Menya ganda milimita 4 au 5, kwaruza kidogo kwa wembe wa seramiki, vuta moja kwa moja bila kupinda. Ukiwa umevaa miwani ya kinga ya urefu wa wimbi wa leza yako, elekeza taa ya kulenga kwenye karatasi nyeupe: likitokea duara safi, ni sawa; likiwa na mkia, kata tena. Vipande ulivyokata viingie kwenye kisanduku cha sindano. Uzi wa kioo ukikuchoma kidoleni, kuuona ni shida.